Benki ya jamii ilivyowapa watu wa nje kazi ya kuskani mafaili yake: kisa kizima na uchambuzi

Kisa hiki ni cha kweli, ila nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu au taasisi: jina la benki, nchi, jina la kampuni iliyopewa kazi, idadi za wateja na za mafaili, na vyeo vingine nimevibadilisha kidogo. Mtiririko wa matukio na maamuzi nimeuacha ulivyo. Naandika kwa ajili ya watu wa masjala, mikopo, ukaguzi na IT kwenye taasisi ndogo za fedha, maana najua wengi mko mlangoni mwa kazi kama hii sasa hivi.

## Benki yenyewe na hali ya makaratasi

Ni ile aina ya benki iliyoanzishwa na wanachama kwa kuchangishana hisa ndogo ndogo, ikakua taratibu mpaka ikapata leseni kamili. Matawi machache, wateja wengi ni wafanyabiashara wadogo na watu wa mishahara. Makao makuu kuna stoo ya mafaili, na kila tawi nalo lina chumba chake.

Ndani ya hizo stoo kulikuwa na vitu vya aina nne hivi. Kuna fomu za kufungua akaunti pamoja na nakala za vitambulisho. Kuna kadi za saini. Kuna mafaili ya mikopo, na haya ndo mazito kwa sababu faili moja linabeba barua ya maombi, tathmini ya afisa mikopo, mkataba, fomu za wadhamini na barua za kukumbushana deni. Alafu kuna vocha na slipu za kaunta za kila siku zilizofungwa kwa kamba na kurundikwa. Hati zenyewe za dhamana zilikuwa strongrumu, yaani chumba chenye ulinzi mkali, na hilo lilisaidia sana huko mbele.

Kuna jambo moja la zamani ambalo bila kulijua huwezi kuelewa kisa hiki. Miaka kadhaa kabla ya mradi, benki ilibadilisha mfumo wake mkuu wa kompyuta, na namba za akaunti zote zikabadilika. Mafaili ya zamani yalikuwa na namba ya zamani imepigwa muhuri katikati ya jalada. Watu wa masjala wakati ule walipita faili kwa faili wakaandika namba mpya kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya juu. Hakuna mwongozo wowote ulioandikwa kuhusu hilo, ilikuwa ni kazi ya siku zile, ikaisha, watu wakaendelea na maisha.

Kilichoamsha menejimenti ni vitu viwili vilivyofuatana. Wakaguzi wa nje waliomba sampuli ya mafaili ya mikopo na mengine yakachelewa kupatikana mpaka yakaingia kwenye ripoti kama hoja, na muda mfupi baadae bomba likavuja juu ya stoo ya tawi moja, maboksi ya chini yakalowa. Kutupa tu ya zamani haikuwezekana, kwa sababu viwango vya kimataifa vya kuzuia utakatishaji fedha (pendekezo namba 11 la FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango hivyo) vinataka kumbukumbu za miamala zikae angalau miaka 5, na zile za utambulisho wa mteja angalau miaka 5 baada ya uhusiano na mteja kuisha. Mteja aliyefungua akaunti zamani na bado anaitumia, fomu yake huigusi.

## Kwa nini waliamua kutafuta kampuni ya nje

Mezani kulikuwa na njia tatu. Kununua skana na kuajiri vibarua wafanye ndani. Kuita kampuni ije na mashine zake ifanyie kazi hapo hapo benki. Au kutoa maboksi yaende kwa kampuni, yaskaniwe huko na picha zihifadhiwe kwenye mfumo wa kampuni, benki iwe inaingia kwa intaneti na kulipa kila mwezi.

Wakachagua ya tatu, isipokuwa strongrumu, kule kampuni ndo ije. Sababu zao zilikuwa za maana kabisa. Nafasi ya kufanyia kazi hawakuwa nayo, na anayeijua hii kazi anajua kwamba muda mwingi hauliwi na mashine, unaliwa na maandalizi: kutoa pini za stepla moja moja, kunyoosha kona zilizokunjwa, kubandua slipu zilizogandana, kuunga karatasi iliyochanika. Kuweka watu wa kufanya hivo kwenye korido ya tawi wakati wateja wanapita haikuwa busara. Pia skana nzuri ya kazi nzito ni bei, na kazi ikiisha inabaki imekaa.

## Mkataba: ulichosema na ulichonyamazia

Mkataba ulikuwa na mambo mazuri ambayo mwanasheria wa benki aliyapigania, na kila anayetaka kuandaa wa kwake naomba ayaangalie. Hati za dhamana hazitoki nje ya jengo kwa hali yoyote. Kila boksi linafungwa kwa sili yenye namba, linasainiwa na watu wawili likitoka na wawili likipokelewa. Hakuna karatasi itakayoharibiwa bila barua ya benki. Na kampuni haitampa mtu mwingine sehemu yoyote ya kazi bila idhini ya maandishi.

Kwenye kazi yenyewe sasa, malipo yalikuwa kwa ukurasa. Picha ziwe nyeusi na nyeupe tupu, nukta 200 kwa inchi, pande zote mbili, na mashine iondoe yenyewe kurasa tupu ili benki isilipie karatasi isiyo na kitu. Kuhusu faharasa, yaani zile taarifa zinazokuwezesha kutafuta faili baadae, mkataba ulisema kampuni itaingiza "namba ya akaunti na jina la mteja kama vinavyoonekana kwenye faili". Basi, hapo hapo ikaishia. Haukusema namba ipi, jina la mpangilio gani, kiasi gani cha makosa kinakubalika, wala nani ataangalia. Kuhusu siku ya kuachana, ulisema "nyaraka zote zitarejeshwa kwa benki", faharasa haikutajwa.

## Jaribio lililofaulu vizuri kupita kiasi

Walianza na jaribio, na kuanza na jaribio ni jambo jema. Yakachukuliwa mafaili ya makao makuu, yale yaliyokuwa rafu za karibu na mlango. Matokeo yakaja safi, ukitafuta unapata, menejimenti ikafurahi na kazi ikaruhusiwa kwa matawi yote.

Sasa yale ya karibu na mlango yalikuwa ndo mapya. Yote yalifunguliwa baada ya mfumo kubadilishwa, kwahiyo yana namba moja tu, imechapwa, majalada bado magumu, wino haujafifia. Jaribio lilipima mafaili ambayo yasingeweza kumsumbua mtu yeyote, na lile rundo la zamani lililojaa mikono ya watu wengi halikuguswa hata kidogo.

## Faili ambalo halikuonekana

Kazi ikaenda kwa kasi, maboksi yanatoka, kurasa zinahesabiwa, ankara zinalipwa. Shida ikajitokeza kupitia mteja mmoja wa kawaida kabisa, mfanyabiashara aliyemaliza mkopo wake na kuja kudai hati yake ya dhamana. Hati ipo strongrumu. Lakini ili itoke lazima afisa mikopo aone mkataba na barua ya kumaliza deni, navyo viko kwenye faili, na faili lilishakwenda kuskaniwa. Afisa akaingiza namba ya akaunti kwenye mfumo wa kampuni, hamna kitu. Akaingiza jina, wakaja watu kibao wenye majina yanayofanana, na wengine majina yao yameandikwa la ukoo kwanza, wengine la ukoo mwisho.

Akampigia simu mama wa masjala, mtu aliyekaa na yale mafaili kuliko yeyote pale benki. "Mama, samahani kwa usumbufu, kuna faili la mkopo silioni kabisa kwenye mfumo, namba naandika sahihi." Mama akamuuliza mwaka wa mkopo, akaambiwa. Akasema: "Hapo mwanangu utakuwa unatafuta kwa namba ya sasa na wao wameingiza ile ya muhuri. Ya muhuri ni ya zamani. Ya sasa tuliiandika kwa nyekundu, juu pembeni." Wakatafuta kwa namba ya zamani na faili likatokea pale pale, likiwa kamili.

Wakafungua picha ya jalada kwenye skrini. Muhuri wa katikati umetoka mweusi tii, unasomeka hata ukiwa mbali. Kule kona ya juu kuna vidoa doa tu, mstari mwembamba umekatika katika, huwezi kusema ni tarakimu. Ndo inavyokuwa skana ikilazimishwa kuchagua kati ya nyeusi na nyeupe kwa kila nukta: rangi hafifu inahesabiwa kama karatasi. Hivyo hata mtu makini aliyekuwa anaingiza data kwa kuangalia picha asingeiona ile namba. Na alikuwa anaangalia picha kweli, faili lenyewe hakuwahi kulishika, na hilo nalo tutalifikia.

Mteja alipata hati yake siku hiyo hiyo ingawa alikaa sana kwenye benchi. Afisa mikopo angeweza kuliacha jambo hapo, faili si limepatikana. Akaandika barua pepe kwa mkaguzi wa ndani akaeleza alichokiona. Ile barua pepe ya mistari michache ndo iliyookoa mradi, na naisema hivyo bila kutia chumvi.

## Mkaguzi anaingia

Mkaguzi wa ndani alifanya kitu rahisi ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya tangu kazi ianze. Alichukua sampuli ya mafaili 300 kwa bahati nasibu kutoka kwenye yale yaliyokwishalipiwa, akalinganisha namba na jina kwenye mfumo wa kampuni na vile vya mfumo mkuu wa benki.

Kwa nini 300? Kuna kanuni ya takwimu inayofaa kuwekwa kwenye kila mkataba wa aina hii: ukiangalia vitu 300 vilivyochaguliwa bila upendeleo na usikute kosa hata moja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba makosa kwenye rundo lote hayazidi asilimia 1 hivi. Hesabu yake ni 3 gawanya kwa idadi ya sampuli. Kazi ya watu wawili kwa siku chache, na haihitaji programu yoyote ya ajabu.

Hapa haikuwa sifuri wala karibu yake. Kwa mafaili mapya makosa yalikuwa machache, ya kuchapa tu. Kwa ya zamani, sehemu kubwa ilikuwa imeingizwa kwa namba isiyokuwepo tena kwenye mfumo wa benki.

Akaendelea kuchimba, na alipolinganisha karatasi na picha akakuta kitu kingine ambacho mimi binafsi nakiona kibaya kuliko namba. Fomu za wadhamini zina upande wa nyuma, pale shahidi anaposaini na kugonga muhuri. Kwenye fomu kadhaa muhuri ulikuwa umegongwa kwa wino uliokaribia kuisha na saini ni ya kalamu ya bluu nyepesi, basi mashine ikaupima ule ukurasa, ikaona weusi wake hauvuki kiwango, ikauhesabu kuwa tupu na kuuondoa. Ukifungua faili kwenye skrini unaona fomu ya mdhamini ya ukurasa mmoja, imekaa vizuri, hakuna alama yoyote kwamba kuna kilichopungua. Karatasi kama hizo zingeharibiwa baada ya kuskaniwa, benki ingesimama mahakamani na dhamana isiyo na shahidi.

Cha tatu kilitoka kwa watu wa IT. Mkaguzi aliomba orodha ya walioingia kwenye mfumo na saa walizoingia, wakaona watumiaji wanaofanya kazi usiku kucha kutoka anwani za mtandao ambazo sio za ofisi ya kampuni. Kampuni ilipoulizwa ikakubali: kazi ya kuingiza data ilikuwa imepewa kundi lingine la vibarua wa mbali wanaoangalia picha kwenye kompyuta zao. Yaani vitambulisho, saini na madeni ya wateja vilikuwa vinasomwa na watu ambao benki haiwajui majina.

## Kusimamisha au kuendelea

Kikao cha menejimenti kilikuwa kigumu. Upande wa uendeshaji ulitaka kazi iendelee na makosa yarekebishwe mwishoni, na hoja zao hazikuwa za kubeza: vyumba viwili vya stoo vilikuwa vimeshapangiwa matumizi mengine, maboksi mengi yako nusu njia, na kampuni ikisimama wafanyakazi wake watapangiwa kazi nyingine. Mkaguzi akasema kila siku inayopita wanalipia kurasa ambazo watazilipia tena. Mwanasheria ndo aliyemaliza ubishi, akafungua kile kifungu cha kutompa mtu mwingine kazi bila idhini, akaonyesha kwamba kampuni imekivunja, na kwamba benki ina haki ya kusimamisha bila kudaiwa fidia. Bila kile kifungu wangekuwa wanaomba.

Wakasimamisha. Vibarua wa mbali wakakatiwa nywila siku hiyo, kampuni ikatakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba hakuna nakala zilizobaki kwenye kompyuta zao, na mdhibiti akataarifiwa. Kumtaarifu mdhibiti kulipingwa na baadhi yao, ila mkurugenzi alisema kama ni taarifa za wateja lazima tuseme sisi wenyewe kabla hajaambiwa na mtu mwingine, na nadhani alikuwa sahihi kabisa.

## Walichobadilisha

Badiliko kubwa ni kwamba utambulisho wa faili ulirudi benki. Kabla faili halijaingia kwenye boksi, mtu wa masjala analifungua, anamtafuta mteja kwenye mfumo mkuu wa benki, anachapa karatasi ya mbele yenye namba ya mteja kwa mfumo wa msimbopau (barcode), anaiweka juu. Skana inasoma msimbopau, hakuna anayechapa namba kwa mkono. Walitumia namba ya mteja, sio ya akaunti, kwa sababu akaunti zinafungwa na kubadilika lakini mteja ni yule yule.

Kwa yaliyokwisha kuskaniwa, mtu mmoja wa IT alikuwa bado ana jedwali la kuoanisha namba za zamani na mpya kutoka enzi za kubadilisha mfumo, limekaa kwenye kompyuta yake tu. Likatumika kurekebisha mengi kwa mkupuo mmoja. Yaliyogoma yakapelekwa kwa mama wa masjala na wenzake, na hayo yaliingizwa na watu wawili tofauti bila kuonyeshana, mfumo unalinganisha, wakitofautiana anaitwa wa tatu.

Mafaili ya mikopo yakaskaniwa upya kwa rangi, nukta 300 kwa inchi. Kuna waliolalamikia ukubwa, na ni kweli, ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una nukta kama milioni 8.7, na kwa rangi kabla ya kubanwa unafika karibu megabaiti 26, wakati ule wa nyeusi na nyeupe ni kama megabaiti 1 tu. Lakini ukibanwa vizuri unashuka sana, na hifadhi siku hizi ni nafuu kuliko kurudia kazi. Kuondoa kurasa tupu kukazimwa. Mashine iliruhusiwa kuweka alama kwamba huu unaonekana mtupu, kuufuta ni uamuzi wa mtu.

Hapo kwenye kubana, kijana wa IT aliomba jambo ambalo wengi hawalifikirii, kwamba kampuni itaje kwa maandishi ni njia gani ya kubana picha inatumika. Sababu yake ni tukio la 2013, pale David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alipogundua kuwa baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu zenyewe, 6 inatoka 8, na ukurasa unaonekana safi kabisa. Chanzo kilikuwa njia ya kubana iitwayo JBIG2, ambayo inatafuta vipande vinavyofanana na kuhifadhi kimoja kwa niaba ya vyote. Kwenye mkataba wa mkopo, tarakimu moja kubadilika ni kiasi cha deni kubadilika. Ikakubaliwa njia hiyo isitumike, na faili la mwisho liwe PDF/A, kiwango cha ISO 19005 kilichotoka 2005 kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu.

Malipo yakahama kutoka ukurasa kwenda faili lililokubaliwa, na faili halikubaliwi mpaka kundi lake lipite kwenye sampuli. Kampuni ilinung'unika, ila ikakubali baada ya benki kuchukua sehemu ya gharama ya kuskani upya.

## Jaribio la kuondoka

Kabla ya kuruhusu awamu ya pili, benki ikaomba: tupeni kila kitu cha tawi moja, kana kwamba tunaachana leo. Wakapewa diski. Ndani kuna picha zote kweli, ila kila faili jina lake ni mfuatano wa herufi na tarakimu usio na maana, na hakuna orodha yoyote ya kusema lipi ni la nani. Kwa mujibu wa mkataba kampuni ilikuwa imetimiza: nyaraka zimerejeshwa. Faharasa ilibaki kwenye hifadhidata yao.

Majadiliano ya hapo yalichukua muda na yaliigharimu benki pesa ambayo haikuwa kwenye bajeti. Mwisho wakakubaliana kila mwezi kampuni ilete picha pamoja na jedwali la faharasa linalofunguka kwenye programu yoyote ya kawaida, na kwa kila faili iwepo alama ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe na unaobadilika faili likiguswa, ili benki iweze kuhakiki yenyewe kwamba picha haijaguswa tangu iliposkaniwa. Nakala hiyo inakaa benki, na nyingine inakaa mahali tofauti kabisa.

## Ilivyoishia

Mafaili ya akaunti na ya mikopo yalikamilika, kwa muda mrefu kuliko mpango na kwa gharama iliyozidi makadirio. Ukaguzi wa nje uliofuata, mafaili yaliyoombwa yalitolewa pale pale mkaguzi akiwa amekaa. Maafisa mikopo wa matawini wameacha kusafiri kufuata faili. Hakuna ushahidi wowote uliopatikana kwamba taarifa za mteja zilitumiwa vibaya na wale vibarua, ingawa hilo huwezi kulithibitisha kwa asilimia mia na benki haikujifanya inaweza.

Vocha na slipu hazikumalizika, na ni kwa uamuzi. Mtu mmoja kwenye kamati aliuliza kwa nini tunaskani slipu ambazo muda wake wa kutunzwa kisheria unaisha hivi karibuni. Wakapiga hesabu, wakaona nyingi zingeskaniwa leo na kustahili kuharibiwa muda mfupi baadae, basi zikabaki kwenye maboksi yenye tarehe ya mwisho imeandikwa ubavuni.

## Uchambuzi

Naanza na malipo kwa ukurasa, kwa sababu naona ndo mzizi. Ukimlipa mtu kwa ukurasa atakupa kurasa, na atakupa nyingi na kwa haraka. Kuingiza faharasa kwa umakini kunakula muda wake na hakumwongezei kitu, kwahiyo akatafuta watu wa bei rahisi zaidi, wa mbali, kimya kimya. Sitetei alichofanya, kilikuwa kinyume cha mkataba na kiliwaweka wateja hatarini. Ila benki iliyopanga malipo yale ilikuwa imeshaamua, bila kukusudia, kwamba faharasa ni kazi ya pembeni.

Na faharasa ndo kazi yenyewe. Picha mia elfu ambazo huwezi kuzitafuta ni stoo ile ile, tena mbaya zaidi, maana kwenye stoo ya karatasi mama wa masjala angeenda mwenyewe akaangalia rangi ya jalada akajua ni la mwaka gani. Kuendesha mashine, kubeba maboksi, kutoa pini, hivyo vyote mpe mtu wa nje na atavifanya vizuri kuliko wewe. Lakini ujuzi wa kwamba namba ya muhuri ni ya zamani na ya nyekundu ni ya sasa, au kwamba mjane fulani faili lake bado lina jina la marehemu, huo uko vichwani mwa watu wa ndani na hauonekani kwenye picha. Kosa la msingi la mpango wa kwanza ni kwamba hakuna aliyemuuliza mama wa masjala swali lolote kabla ya mkataba kusainiwa. Hakuwa kwenye kamati. Kamati ilikuwa na wakuu wa idara, IT na manunuzi, wote watu makini, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutafuta faili kwa mikono yake kwa miaka mingi.

Jaribio nalo lina la kutufundisha. Chagua mafaili mabaya kuliko yote: yaliyolowa, yaliyoandikwa kwa penseli, ya wateja waliobadili majina, ya tawi lililohama jengo. Kama kampuni inaweza hayo, mapya hayatakuwa tatizo. Na picha zikirudi mpe afisa mikopo wa kawaida majina ya wateja bila kumpa maelezo, umwache atafute.

Kilichofanya kazi vizuri ni vile vifungu vya kulinda ambavyo siku ya kusaini vilionekana kama usumbufu. Kutoharibu karatasi mpaka barua ya benki itoke ndo kulikowezesha fomu za wadhamini kuskaniwa upya. Kama maboksi yangekuwa yameshasagwa, hakuna fedha ingerudisha saini ya shahidi. Sili na saini za watu wawili zilifanya kwamba katika vurugu zote zile hakuna boksi hata moja lililopotea. Hati za dhamana kutokutoka nje kulimwezesha yule mteja wa kwanza kuondoka na hati yake siku ile ile.

Sampuli ilifanya kazi pia, ila ilikuja kwa kuchelewa na kwa sababu ya mtu mmoja aliyeamua kuandika barua pepe. Mradi haukuwa na mahali popote palipomtaka mtu aangalie. Meneja mradi alikuwa anapokea ripoti ya idadi ya kurasa kila wiki na idadi ilikuwa inapanda vizuri, kwahiyo kwa kila kipimo alichokuwa nacho mambo yalikuwa sawa.

Kuna wanaosema ingekuwa bora wangefanya yote ndani tangu mwanzo. Mimi sikubaliani. Nafasi hawakuwa nayo, na fomu za wadhamini zingepoteza upande wa nyuma hata kwa skana yao wenyewe ikiwa imewekwa vile vile. Lililokosekana ni mgawanyo sahihi wa kazi, na walipoupata, kampuni ile ile, kwa watu wale wale wa ofisini kwake, ilifanya kazi nzuri.

## Yaliyo bado mezani

Kadi za saini zimeskaniwa lakini karatasi zake bado zinatunzwa, kwa sababu mwanasheria hajaridhika kwamba picha peke yake itatosha kwenye kesi ya kughushi, ambapo mtaalamu wa maandishi anataka kuona mgandamizo wa kalamu kwenye karatasi.

Mafaili mapya yanayofunguliwa kila siku yanaskaniwa tawini, na karatasi ya msimbopau inachapwa mteja akiwa bado amekaa mbele ya afisa, ili kama jina lina utata aulizwe mwenyewe. Lile jedwali la namba za zamani na mpya limetolewa kwenye kompyuta ya yule mtu mmoja, limewekwa pamoja na faharasa kwenye nakala zote mbili, na maelezo yake ya ukurasa mmoja yameandikwa na mama wa masjala kabla hajastaafu.